Mali Bila Daftari: Somo la Jumuiya Iliyovunjika Mwaka 1977



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wangu huifafanua kwa mfano wa duka: mwenye duka asiyeandika mauzo yake hushtukia rafu zi tupu, asijue bidhaa zilikwenda wapi. Mfano huo ni sahihi, lakini ni mdogo. Leo ningependa tuitazame methali hiyo kwa mfano mpana zaidi, unaotuhusu sisi Waganda, Wakenya na Watanzania kwa pamoja. Nao ni kisa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967 na kusambaratika mwaka 1977.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha siasa: marais waliotofautiana, mipaka iliyofungwa, fedha zilizozuiliwa. Hayo yote ni kweli, nami nitayagusa. Hata hivyo, kuna upande mmoja ambao tunaupita haraka mno. Jumuiya ile ilikuwa pia mahali pa kazi. Maelfu ya watu waliamka kila asubuhi kwenda kuendesha treni, kupakua meli, kuunganisha simu na kupima damu katika maabara. Watu hao walijua mambo mengi ambayo hayakuandikwa popote. Nyumba ilipovunjika, wataalamu walikaa miaka mingi wakigawanya mabehewa, majengo na madeni. Ujuzi wa wafanyakazi haukuwamo katika orodha ya mgawanyo.

Ninalotaka kukuonyesha, msomaji wangu, ni hili: utendaji wa mfanyakazi hautokani na bidii yake peke yake. Hutokana pia na kumbukumbu ya taasisi anayoitumikia. Kumbukumbu hiyo ikipotea, hata mtu hodari huonekana mzembe.

Nyumba moja, vyumba vingi

Ushirikiano wa nchi zetu haukuanza mwaka 1967. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na treni zikaanza kuingia Kampala mwaka 1931, mwaka ambao daraja la Mto Nile lilikamilika pale Jinja. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na zile za Tanganyika, likazaliwa shirika moja la reli na bandari kwa nchi zote tatu. Mwaka 1956 njia ya magharibi ilifika Kasese kufuata shaba ya Kilembe, na mwaka 1964 njia ya kaskazini ikafika Pakwach.

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Waasisi wake walijitahidi kugawa heshima kwa haki. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha. Shirika la reli na shirika la ndege yalibaki Nairobi. Bandari, zilipotenganishwa na reli mwaka 1969, zilipewa makao Dar es Salaam. Posta na simu zilikuwa na makao Kampala, pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki. Vituo vya utafiti navyo vilitawanyika: kilimo na misitu kule Muguga nchini Kenya, samaki wa maji baridi Jinja, ugonjwa wa malale Tororo, na virusi Entebbe.

Kisiasa, mpangilio huo ulikuwa wa busara, kwani kila nchi ilikuwa na cha kujivunia. Lakini hebu utazame kwa jicho la fundi. Kila nchi ilipata kiungo, na hakuna iliyopata mwili mzima. Uganda ilikuwa na reli ndefu, lakini karakana kuu iliyofanya matengenezo makubwa ya vichwa vya treni ilikuwa Nairobi, na chuo cha reli kilikuwa hukohuko. Madhali nyumba ilikuwa moja, hilo halikumsumbua mtu. Nani huuliza jiko liko chumba gani, ikiwa milango yote i wazi?

Ujuzi ulikaa wapi?

Fikiria vile vichwa vya treni vya mvuke vya aina ya Garratt vilivyoundwa Manchester, Uingereza, na kuanza kazi hapa katikati ya miaka ya 1950. Vilikuwa 34, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimojawapo, Mount Gelai, kimehifadhiwa hadi leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mtambo kama ule ulikuja na kitabu chake cha maelekezo, chenye michoro ya kila bomba na kila valvu. Lakini hakuna kitabu kutoka Manchester kilichoweza kumwambia dereva ni mahali gani hasa kwenye mlima wa kwetu magurudumu huteleza baada ya mvua, au sauti ipi ya mvuke ni ya kawaida na ipi ni ya kutisha. Hayo dereva aliyajifunza akiwa mwanagenzi: alianza kwa kusafisha mtambo, akapanda cheo kuchochea moto, akakaa miaka kando ya dereva mkongwe akimtazama mkono, ndipo naye akakabidhiwa usukani.

Wataalamu wa uongozi wa kazi wameliandika jambo hili kwa kina. Mwaka 1995 wasomi wawili wa Kijapani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walichapisha kitabu kuhusu namna makampuni yanavyozalisha maarifa. Wanatofautisha maarifa yanayoweza kuandikwa na maarifa yaliyomo mwilini na katika mazoea ya mtu. Mfano wao mashuhuri ni wa kampuni ya Matsushita ya Osaka, ambayo katika miaka ya 1980 ilitaka kuunda mashine ya kuokea mkate nyumbani. Mashine ilishindwa kukanda unga ipasavyo, na vipimo vya maabara havikusaidia. Hatimaye mtumishi mmoja wa kampuni, Ikuko Tanaka, alikwenda kuwa mwanagenzi wa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini humo. Akamtazama, akakanda naye, akagundua kwamba mwokaji yule alikuwa akiuvuta unga na kuusokota kwa namna ya pekee. Mwokaji mwenyewe hakuwahi kulieleza jambo hilo kwa maneno. Lilipotiwa katika mashine, mkate ukawa mkate.

Sisi hatuhitaji kwenda Osaka ili tuelewe. Muulize bibi yako ugali husongwa kwa muda gani, atakujibu: "Mpaka uive." Hakufichi kitu, ila ujuzi wake umo mkononi. Ukitaka kuupata, shika mwiko usimame kando yake.

Hapa ni lazima tuseme ukweli mwingine, tena mchungu. Reli ya wakoloni haikuwa shule ya haki. Kwa miongo mingi kazi za juu zilikuwa za Wazungu, za kati kwa kiasi kikubwa zilikuwa za Waasia, na Waafrika wakaachiwa za chini. Ujuzi uligawanywa kwa rangi. Anayezuiwa kupanda cheo huzuiwa pia kuona, na asiyeona hajifunzi. Chuo cha reli cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, miaka 60 tangu reli ianze kujengwa. Kwa hiyo nchi zetu zilipopata uhuru kati ya mwaka 1961 na 1963, safu ya Waafrika waliofundishwa kazi za juu ilikuwa nyembamba. Safu nyembamba haihimili mshtuko, na mishtuko haikukawia.

Mishtuko miwili

Mshtuko wa kwanza uliipata Uganda peke yake. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke nchini ndani ya siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo mafundi, makarani, wahasibu na wasimamizi wa viwanda. Katika siasa za siku zile lilizungumzwa suala la mali: nani atachukua duka, nani atachukua nyumba. Mali ilichukuliwa. Lakini tazama viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi. Mashamba ya miwa yalibaki palepale, mitambo ikabaki palepale, wafanyakazi wengi wa Kiafrika nao wakabaki. Uzalishaji ukaporomoka hata nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikawa inaipanga foleni. Sababu zilikuwa nyingi: vipuri, fedha za kigeni, vita na usimamizi mbovu. Hata hivyo, mojawapo ilikuwa hii: waliokuwa wakijua mtambo unapokohoa ni wapi pa kugusa walikuwa wameondoka, na waliobaki hawakuwahi kufunguliwa chumba hicho cha ujuzi. Lawama hapo ni ya pande mbili. Waliofukuza hawakuuliza nani atafundisha, na waliofukuzwa walikuwa wamechelewa kufundisha.

Mshtuko wa pili ulizipata nchi zote tatu. Baada ya Amin kutwaa madaraka mwezi Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na baraza la marais watatu halikukutana tena. Kenya ilishika njia ya uchumi wa soko, Tanzania ikashika Ujamaa. Kila nchi ilianza kuhisi kwamba inapunjwa, na fedha zilizopaswa kupelekwa makao makuu ya mashirika zikaanza kuzuiliwa. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege lilianguka, Kenya ikaanzisha lake. Mwezi Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ulikaa umefungwa hadi mwaka 1983. Katikati ya mwaka 1977 bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na nyumba ikawa imekwisha.

Kazi ya kugawanya mali alikabidhiwa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht. Ilimchukua miaka. Makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Hesabu ile ilikuwa ya makini, na sina nia ya kuidharau. Lakini jiulize: asilimia 26 ya dereva mkongwe ni kiasi gani? Asilimia 26 ya fundi wa karakana ya Nairobi, aliyejua kila kichwa cha treni kwa namba na kwa tabia zake, ingepelekwaje Kampala?

Fundi huyo hakugawanyika. Wafanyakazi walirejea kila mmoja nchini kwake, wakiacha madawati na wenzao wa miaka mingi. Baadhi yao walizeeka wakidai mafao, wengine hata mahakamani. Mwenye kudai haki yake kwa miaka mingi hawi na moyo wa kukaa chini kumfundisha kijana. Hivyo ndivyo dhuluma kwa mfanyakazi inavyogeuka kuwa hasara ya maarifa kwa taifa.

Uganda ikajikuta na reli isiyo na karakana kuu wala chuo. Ilibidi ijengwe karakana ya Nalukolongo, Kampala, na watu wafundishwe upya. Wakati huohuo nchi ilikuwa ikipita katika vita baada ya vita. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 treni za abiria zilikuwa zimesimama. Kampala iliziona tena mwaka 2015, zikienda Namanve tu. Sitadai kwamba ujuzi uliopotea ndio uliozisimamisha. Barabara, malori, vita na ukosefu wa fedha vilichangia pakubwa. Ninachodai ni kwamba katika miaka ile yote tulizoea kusema "wafanyakazi wa reli ni wavivu", na ni wachache waliouliza: nani aliwafundisha, na aliyepaswa kuwafundisha yuko wapi?

Entebbe: daftari lililosalia

Sasa, msomaji, nikupeleke kwenye chumba kingine cha nyumba ileile, ambako mambo hayakwenda kama ya reli.

Mwaka 1936 taasisi ya Marekani ya Rockefeller ilianzisha kituo Entebbe kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1950 kituo hicho kikawa taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kikawa cha Uganda peke yake, na hadi leo kipo. Kilipita katika enzi ya Amin na vita vilivyofuata, watafiti wengi wa kigeni wakiwa wameondoka.

Mwezi Aprili 1947, katika msitu wa Zika ulio kando ya njia ya Entebbe, watafiti walikuwa wameweka tumbili katika vizimba juu ya miti ili waone kama wangeambukizwa homa ya manjano na mbu wa msituni. Tumbili mmoja, namba 766, alipandwa na joto. Wakachukua damu yake na kuichunguza. Haikuwa homa ya manjano. Ilikuwa virusi ambavyo havijulikani. Mtu mwenye haraka angesema: "Si tunachokitafuta," akatupa. Wao waliandika: namba ya mnyama, tarehe, mahali, joto, hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata wakavipata virusi vilevile katika mbu wa msitu huohuo, na mwaka 1952 George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow wakachapisha matokeo. Virusi vikapewa jina la msitu.

Kwa zaidi ya nusu karne taarifa ile ilionekana haina faida kubwa. Kisha, tarehe 1 Februari 2016, Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa, baada ya watoto wengi kuzaliwa na vichwa vidogo nchini Brazil, mahali ambapo Zika ilikuwa imeenea. Wanasayansi wa dunia nzima walirudi kusoma yale yaliyoandikwa Entebbe. Aina ya virusi waliyoitumia katika maabara nyingi iliitwa MR766. Namba hiyo ni ya tumbili yule wa mwaka 1947. Mtu aliyeandika namba ile kwa hati safi hakujua kwamba angewafaa watu ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa.

Mfano wa pili ni wa hapahapa nyumbani. Mwaka 1959 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulizuka kaskazini mwa Uganda, kisha ukaenea Afrika Mashariki na kuwapata watu wapatao milioni 2. Watafiti wa Entebbe walivitambua virusi vyake huko Gulu, navyo vikaitwa o'nyong-nyong, jina la Kiacholi linaloeleza jinsi viungo vinavyolegea. Ugonjwa ukatoweka. Baada ya zaidi ya miaka 30, mwaka 1996, ulirudi kusini mwa nchi, Rakai na wilaya za jirani. Madaktari wengi vijana hawakuwahi kuuona. Lakini taasisi ileile ya Entebbe ilikuwapo, ikiwa na kumbukumbu zake na watu waliofundishwa na wale wa zamani, nayo ilishiriki kuutambua.

Ni nini kilichowatofautisha?

Ni rahisi kusema kwamba wale wa Entebbe walikuwa wasomi na wale wa reli hawakuwa. Sikubaliani na jibu hilo. Dereva wa Garratt alikuwa na elimu yake, tena nzito. Mimi naona tofauti tatu.

Kwanza, Entebbe ilikuwa kiungo kizima. Maabara, msitu, kumbukumbu na watu wake vilikuwa mahali pamoja. Mpaka ulipofungwa, haukupita katikati yake. Reli ilikuwa na kichwa katika nchi moja na miguu katika nyingine. Hilo halikuwa kosa la wafanyakazi, bali la waliopanga bila kujiuliza: je, tukitengana?

Pili, kazi yenyewe ya Entebbe ilidai kuandika. Mtafiti asiyeandika hana alichofanya. Katika kazi nyingine, kuandika huonekana kuwa nyongeza, jambo la mwisho wa siku ambalo likiachwa hakuna anayegomba. Fundi wa karakana husifiwa kwa mtambo uliopona. Nani humsifu kwa kuandika namna alivyouponya?

Tatu, ujuzi ulirithishwa kwa mikono. Waliopanda majukwaa na ile minara ya msituni usiku kucha kukamata mbu, wakihesabu ni mbu gani anauma saa ngapi na kwa kimo gani, wengi walikuwa Waganda ambao majina yao hayasomeki sana katika vitabu. Nao walifundisha wengine. Hivyo wageni walipoondoka, msitu haukubaki bila mwenyewe.

Ukiziweka pamoja, sababu ya pili na ya tatu zinakamilishana. Maandishi bila mwanagenzi ni karatasi inayoliwa na mchwa. Mwanagenzi bila maandishi ni kumbukumbu inayozikwa pamoja na mwenyewe. Taasisi inayojifunza huvishika vyote viwili.

Kabati la shuleni

Utaniuliza, mwalimu, hayo ya reli na virusi yananihusu nini mimi niliye karani, muuguzi au mwalimu mwenzako? Niruhusu nikupe mfano mdogo kutoka kwangu.

Nilipoanza kazi, katika shule ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa ufunguo wa kabati la somo la Kiswahili. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amefundisha hapo miaka mingi, na wazazi walimsifu. Nilifungua kabati kwa hamu. Nilikuta kamusi moja isiyo na jalada, chaki zilizovunjika na karatasi za mtihani zisizo na majibu. Yeye alikwisha hamishwa; hakuna aliyemwomba atuachie chochote. Kwa miaka miwili nilifundisha ngeli za nomino kwa namna ambayo wanafunzi hawakuielewa. Matokeo yalishuka, na mkuu wa shule akaniambia mbele ya wenzangu kwamba "vijana wa siku hizi hawajitumi". Niliumia, kwani nilikuwa nikilala usiku wa manane nikisahihisha.

Siku moja nilikutana na yule mwalimu sokoni. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akacheka kwa upole, akaniambia: "Mwanangu, hawa watoto usiwaanzishie majina ya ngeli. Waanzishie vitu vya nyumbani kwao, wavipange wenyewe." Ilikuwa sentensi mbili tu. Zilinigharimu miaka miwili, nazo ziliwagharimu wanafunzi wangu zaidi, kwa sababu mimi nilibaki na mshahara, wao walibaki na alama zao.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu Uganda. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wake bado ni wachache. Katika shule nyingi somo lote ni mtu mmoja. Akihama, somo limehama.

Tufanye nini?

Sitakuorodheshea mengi. Nitataja manne, yote yasiyohitaji bajeti ya wizara.

La kwanza ni makabidhiano ya kweli. Maafisa wa kikoloni walikuwa wakihamishwa wilaya mara kwa mara, na kila anayeondoka aliandika taarifa ya makabidhiano kwa anayeingia. Tanganyika walikuwa hata na vitabu vya wilaya vilivyorithiwa kutoka kwa afisa mmoja hadi mwingine. Waliyaandika hayo ili watutawale vizuri, wala hatuwapi shukrani. Lakini jembe halichagui shamba. Kama chombo hicho kiliwafaa waliotutawala, kwa nini kisitufae tunapojitumikia? Makabidhiano yasiwe orodha ya viti na meza pekee. Yaeleze: kazi gani iko njiani, nani wa kumwona, nini kilijaribiwa kikashindikana.

La pili ni kuandika makosa. Watu wa Entebbe waliandika hata kile ambacho hawakukitafuta. Ofisini kwetu kosa hufichwa, kwa kuwa anayelitaja huadhibiwa. Matokeo yake, kosa lilelile hurudiwa na mgeni, naye huadhibiwa pia. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini hilo ni kweli kwa yule tu anayekumbuka jiwe lilipo.

La tatu ni kumpa mwanagenzi nafasi kabla mkongwe hajaondoka. Kijana akiajiriwa siku moja baada ya mzee kustaafu, taasisi imenunua mikono ikapoteza ujuzi. Waache wakae pamoja, hata kwa miezi mitatu. Na mzee aheshimiwe, alipwe haki yake kwa wakati, kwani mwenye kinyongo hafundishi.

La nne linawahusu wakubwa. Kabla hujamwita mfanyakazi mvivu, jiulize maswali mawili: nani alimfundisha kazi hii, na alipoingia alikuta nini kabatini? Ukishindwa kuyajibu, upungufu wa kwanza ni wa taasisi.

Tamati

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, ulioanza kutumika mwezi Julai 2000, na makao yake yakarudi Arusha. Leo ina nchi wanachama nane, kuanzia Somalia hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nyumba imekuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Viongozi wetu huzungumza sana kuhusu forodha, sarafu moja na barabara. Ni mambo mema. Ombi langu kwao, na kwako wewe mwenye dawati dogo katika ofisi yoyote ile, ni kwamba tujenge pia daftari la nyumba hii, na tufundishane tungali pamoja. Yule mzee wa karakana ya Nairobi hakugawanyika mwaka 1977, na wa leo naye hatagawanyika.

Maswali ya kutafakari pamoja na wanafunzi au wenzako kazini:

1. Katika taasisi yako, ni jambo gani linajulikana na mtu mmoja tu? Akihama kesho, nani atalijua?
2. Taja kosa moja ambalo taasisi yako imelirudia zaidi ya mara moja. Je, liliandikwa mahali popote mara ya kwanza?
3. Ungekuwa miongoni mwa waliogawanya mali ya Jumuiya, ungependekeza ujuzi wa wafanyakazi utunzwe kwa njia gani?